Jumba la Mawe la Mwalimu Twilight

Upande wa kaskazini wa jimbo la Vermont, huko Marekani, karibu na mpaka wa Kanada, kuna kijiji kiitwacho Brownington. Ni kijiji cha wakulima, chenye wakazi wapatao elfu moja. Hakuna kiwanda kikubwa, wala reli haikupita hapo, na wakati wa baridi theluji hufunika mashamba kwa muda wa miezi kadhaa. Mgeni apitaye njia ile kwa mara ya kwanza hatazamii kuona jambo la ajabu. Lakini afikapo kilimani huona mbele yake jumba kubwa la mawe, lenye orofa 4, limesimama kati ya nyumba za mbao na malisho ya ng'ombe. Kwa ukubwa wake, mtu angedhani kwamba lilikusudiwa kujengwa mjini, likapotea njia.

Jumba hilo lilijengwa kati ya mwaka wa 1834 na mwaka wa 1836, ili wanafunzi waliotoka mbali wapate mahali pa kulala na kusomea. Aliyelijenga hakuwa tajiri, wala fedha hazikutoka kwa Serikali. Alikuwa mwalimu, na jina lake Alexander Lucius Twilight. Naye alikuwa mtu mwenye asili ya Kiafrika, katika siku ambazo watu weusi zaidi ya milioni 2 walikuwa bado watumwa katika nchi hiyo ya Marekani.

Habari za jumba hili zastahili kujulikana na kila mkulima na kila karani aliyepata kuchanga fedha kwa ajili ya shule ya kwao. Zaonyesha nguvu ya mtu mmoja aliyekata shauri, na pia zaonyesha mahali ambapo nguvu ya mtu mmoja hukoma. Tena zaeleza namna mawe yalivyomtunzia mtu jina lake, wakati vitabu vilipokuwa karibu kulisahau.

MTOTO WA KAZI

Alexander Twilight alizaliwa tarehe 23 Septemba, mwaka wa 1795, katika jimbo hilo hilo la Vermont. Wazazi wake, Ichabod na Mary, walikuwa watu huru wenye damu ya mchanganyiko. Baba yake alikuwa askari katika vita ambavyo Wamarekani walipigana na Waingereza ili wajitawale. Na jimbo la Vermont lilikuwa limetangulia majimbo mengine katika jambo moja: katiba yake ya mwaka wa 1777 ilikataza mtu mzima kufanywa mtumwa.

Lakini kuwa huru ni jambo moja, na kuwa na chakula cha kutosha ni jambo jingine. Watoto walikuwa 6 nyumbani, na mali ilikuwa haba. Alexander alipokuwa na umri wa miaka 8 hivi, aliwekwa kwa mkulima wa jirani, katika kijiji cha Corinth, afanye kazi kwa mapatano. Desturi hiyo ilikuwa ya kawaida siku zile, nayo iliwapata watoto wa Wazungu maskini vile vile. Mtoto alifanya kazi ya bwana wake mpaka miaka ya mapatano itimie, naye bwana alimpa malazi na chakula.

Kijana huyo alilima, akachunga, akakata kuni, akajenga kuta za mawe mipakani mwa mashamba. Kila alipopata nafasi alisoma na kujifunza hesabu, na kila senti aliyoipata aliiweka akiba. Katika mwaka wa 1815, alipokuwa na umri wa miaka 20, aliweza kuingia shule ya sekondari katika mji wa Randolph. Huko alikaa miaka 6. Hakutosheka na masomo ya shule tu, bali alimaliza pia masomo ya miaka 2 ya mwanzo ya chuo kikuu. Basi mwaka wa 1821 alipokwenda katika Chuo cha Middlebury, alipokewa moja kwa moja katika darasa la mwaka wa tatu.

Alihitimu mwaka wa 1823. Siku hizi yakubaliwa kwamba yeye ndiye mtu wa kwanza mwenye asili ya Kiafrika kupata shahada katika chuo cha Marekani. Lakini kwa muda wa miaka mingi heshima hiyo walipewa wengine, nao ni vijana wawili waliohitimu miaka 3 baada yake, mwaka wa 1826. Mmoja alikuwa Edward Jones wa Chuo cha Amherst, ambaye alikwenda Sierra Leone, na baadaye akawa mkuu wa Chuo cha Fourah Bay. Wa pili alikuwa John Brown Russwurm wa Chuo cha Bowdoin. Huyu alikuwa mmoja wa waanzilishi wa gazeti la kwanza la watu weusi wa Marekani, mwaka wa 1827, kisha akahamia Liberia na kuwa gavana wa koloni la watu weusi waliotoka Maryland. Majina ya hao wawili yalienea, kwa maana walishika kazi kubwa mbele ya macho ya watu wengi. Twilight alikwenda kufundisha watoto wa wakulima vijijini, na habari zake zikabaki huko.

MWALIMU NA MCHUNGAJI

Baada ya kuhitimu alifundisha miaka 4 katika kijiji cha Peru, katika jimbo la New York. Huko alijifunza pia mambo ya dini hata akapata ruhusa ya kuhubiri, na mwaka wa 1826 akamwoa Mercy Ladd Merrill. Mwaka wa 1829 aliitwa Brownington, awe Mwalimu Mkuu wa shule ya sekondari ya wilaya ya Orleans na mchungaji wa kanisa la kijiji.

Siku zile Brownington palikuwa mahali penye matumaini. Barabara kuu ya magari ya farasi, yaliyochukua abiria kati ya Boston na Montreal, ilipita hapo. Shule nayo, iliyokuwa katika nyumba ya mbao ya orofa 2, ndiyo pekee ya namna yake katika wilaya nzima. Mzazi aliyetaka mwanawe aendelee kupita kusoma, kuandika na kuhesabu, ilimpasa ampeleke Brownington. Walikuja wavulana na wasichana pia, kwa kuwa Mwalimu Twilight aliwafundisha wote.

Hapo ndipo shida ilipozuka. Sifa za mwalimu zilivyoenea, ndivyo wanafunzi walivyozidi, wala shule haikuwa na bweni. Waliotoka mbali walipanga katika nyumba za wanakijiji, mmoja hapa, wawili kule. Mahali ambapo theluji hufika magotini, mtoto hawezi kutembea maili 10 asubuhi na maili 10 jioni. Mwalimu alijua kwamba pasipo bweni shule haiwezi kukua.

Alipeleka shauri lake mbele ya baraza la wakuu wa shule. Aliomba lijengwe jumba kubwa la mawe, lenye vyumba vya wanafunzi, vya walimu, na vya kusomea. Wakuu walikataa kutoa fedha. Hapana shaka kwamba walikuwa na sababu zao, kwa maana kijiji kilikuwa kidogo, na jumba lililoombwa lilikuwa kubwa kuliko nyumba yoyote iliyokuwako.

Hapo wengi wangerudi nyumbani, wakae wakilalamika juu ya wakuu. Mwalimu Twilight alianza kujenga kwa shauri lake mwenyewe.

MAWE YA SHAMBANI

Yeyote aliyelima katika nchi ya Vermont aijua taabu ya mawe. Zamani sana nchi ile ilifunikwa na barafu nzito, na barafu ilipoyeyuka iliacha mawe makubwa na madogo yametapakaa kila mahali. Mkulima hulima leo akaondoa mawe, na mwaka ujao baridi husukuma mengine juu kutoka ardhini. Ndiyo maana mashamba ya huko yamezungukwa na kuta za mawe. Hazikujengwa kwa ajili ya mpaka tu, bali pia kwa sababu ilibidi mawe yawekwe mahali fulani.

Kijana aliyekulia katika kazi ya shamba aliona mali katika kitu ambacho wengine walikihesabu kuwa udhia. Mawe hayo ni ya granaiti, ambayo ni magumu sana. Waashi wa siku zile walitoboa mashimo madogo katika mstari mmoja juu ya jiwe, wakatia kabari za chuma, kisha wakazigonga kwa zamu, moja baada ya nyingine, mpaka jiwe lipasuke kwa kufuata mstari. Kazi hiyo yataka subira. Apigaye kwa haraka huharibu jiwe, naye ajuaye kazi husikiliza mlio wa kabari ukibadilika, akajua kwamba jiwe li karibu kukubali.

Yaelekea kwamba umbo la jumba lilifuata mfano wa jumba moja la mawe la Chuo cha Middlebury, liitwalo Painter Hall, ambalo Twilight alilifahamu tangu siku za masomo yake. Madirisha yamepangwa kwa safu zilizonyoka, wala hakuna mapambo yasiyo na kazi. Alilipa jina la Athenian Hall, kwa kuukumbuka mji wa Athene, uliosifika zamani za Wayunani kwa elimu.

Juu ya namna mawe mazito yalivyopandishwa hata orofa ya nne, wazee wa Brownington wamerithishana hadithi moja. Wasema kwamba mwalimu alikuwa na maksai mmoja, aliyezunguka juu ya jukwaa la mbao na kuvuta mtambo wa kupandishia mawe. Ukuta ulipopanda, jukwaa nalo lilipandishwa, na maksai pamoja nalo. Kazi ilipokwisha, maksai alikuwa juu kabisa, wala haikupatikana njia ya kumteremsha. Basi akachinjwa huko huko juu, waashi wakafanya karamu. Huenda hadithi hiyo imeongezwa chumvi, lakini watu waliiona yafaa kusimuliwa, kwa kuwa ilieleza vizuri jinsi kazi ilivyofanywa kwa nguvu chache.

Mwaka wa 1836 jumba lilikuwa tayari. Wanafunzi waliingia, kila mmoja na sanduku lake na kuni zake za kuotea moto. Yakisiwa kwamba katika maisha yake ya ualimu Mwalimu Twilight alifundisha wanafunzi karibu 3,000.

SHAURI LA FEDHA

Katika mwaka huo huo wa 1836 watu wa Brownington walimchagua mwalimu wao awe mjumbe katika Baraza la Kutunga Sheria la Vermont. Basi akawa mtu wa kwanza mwenye asili ya Kiafrika ajulikanaye kuchaguliwa katika baraza la namna hiyo mahali popote Marekani. Lakini hakwenda huko kutafuta cheo. Alikwenda kwa ajili ya shule.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Katika jimbo la Vermont, tangu vijiji vilipogawiwa ardhi, sehemu fulani za mashamba ziliwekwa kando, ili kodi yake isaidie shule ya sekondari ya wilaya. Kwa kuwa wilaya ya Orleans ilikuwa na shule moja tu ya namna hiyo, kodi yote ilikwenda Brownington. Sasa watu wa Craftsbury, kijiji kingine cha wilaya hiyo hiyo, walitaka shule yao, nao wakaomba kwamba fedha zigawanywe.

Mwalimu Twilight alipinga. Neno lake lilikuwa kwamba fedha ni kidogo, na zikigawanywa hazitatosha shule yoyote katika hizo mbili. Wilaya itapata nyumba mbili dhaifu mahali pa moja yenye nguvu. Tena alikuwa na bweni jipya, lililojengwa kusudi ili watoto wa mbali waweze kuja. Kwa nini lisijazwe kwanza?

Lakini watu wa Craftsbury nao hawakuwa wapumbavu. Walikuwa wazazi waliotaka watoto wao wasome karibu na nyumbani, walale kwa mama zao, na wasaidie kazi za shamba jioni. Kila mtu aliyepata kuhudhuria mkutano wa shule aijua hoja hiyo, na ajua kwamba ni vigumu kuijibu. Upande mmoja husema, "Tuwe na shule moja iliyo bora." Upande wa pili husema, "Bora kwa nani, ikiwa mwanangu hawezi kuifikia?" Pande zote mbili zasema kweli, na fedha ni zile zile.

Baraza liliamua fedha zigawanywe. Mwalimu Twilight alishindwa, akarudi kwenye jumba lake la mawe na kazi yake ya kila siku.

Kushindwa huko kulikuwa na matokeo. Shule iliendelea, na kwa miaka mingine zaidi ya 10 wanafunzi walifika, lakini fungu la fedha lilikuwa limepungua. Mwaka wa 1847 mwalimu aliondoka Brownington, na yaelekea sababu ilikuwa kutoelewana na baadhi ya wakubwa wa kijiji. Alivuka mpaka, akafundisha huko Quebec, nchini Kanada. Alipokuwa hayuko, shule ilidhoofika hata watu wakaona wenyewe kile walichokipoteza. Mwaka wa 1852 walimwita tena, naye akarudi.

Hakupata muda mrefu. Mwaka wa 1855 alishikwa na ugonjwa wa kupooza, asiweze tena kufundisha, na tarehe 19 Juni, mwaka wa 1857, alifariki. Alizikwa katika makaburi ya kanisa la kijiji, karibu na jumba lake. Miaka 2 baadaye, mwaka wa 1859, shule ilifungwa. Reli nazo zilijengwa kupitia mabonde mengine, na biashara ikazifuata. Barabara ya magari ya farasi ikapoteza abiria wake, na Brownington ikabaki kimya juu ya kilima.

MAWE YALIYOSHUHUDIA

Basi mtu aweza kuuliza: kazi yote ile ilifaa nini? Jumba lilikusudiwa kuwa bweni la shule itakayodumu, na shule haikudumu. Mwenye kujenga alishindwa barazani, na baada ya kufa kwake hakuna aliyeweza kushika mahali pake. Kwa hesabu za mfanyabiashara, jumba lile lilikuwa hasara.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo halikuwamo katika hesabu hiyo. Nyumba za mbao zikiachwa huoza, au huungua, au mbao zake huchukuliwa zikajenge banda la ng'ombe. Jumba la granaiti halikuoza. Kulibomoa kungalikuwa kazi kubwa karibu sawa na kulijenga. Kwa hiyo lilibaki, likapita katika mikono ya watu mbalimbali, na kila mtoto aliyezaliwa Brownington alilikuta hapo, akauliza ni nani aliyelijenga. Wazee wakajibu. Jina la Twilight likapita hivyo kinywa kwa kinywa, pamoja na hadithi ya maksai, kwa muda ambao huko nje karibu hakuna aliyemkumbuka.

Maandishi yake yaliyobaki si mengi. Kama angalifundisha maisha yake yote katika nyumba ya mbao, huenda leo angejulikana kama jina moja tu katika orodha ya waliohitimu Middlebury mwaka wa 1823, bila mtu kujua alikuwa nani wala alitoka kwa watu gani. Mawe yaliwalazimisha watu waulize, na kwa kuuliza wakaifikia habari ya kijana wa kazi, ya mwanafunzi wa kwanza, na ya mjumbe wa kwanza.

Hata hivyo mawe hayajitunzi yenyewe milele. Paa huvuja, madirisha huvunjika, na maji yakiingia ukutani yakaganda wakati wa baridi, hupasua hata granaiti. Mwaka wa 1918 chama cha historia cha wilaya ya Orleans kililinunua jumba hilo, na mwaka wa 1925 likafunguliwa kuwa nyumba ya makumbusho. Wanachama wake walikuwa watu wa wilaya ile ile. Walikusanya vyombo vya jikoni, majembe, vitambaa vilivyofumwa kwa mkono, na vitabu vya shule, wakaviweka katika vyumba ambamo wanafunzi wa Twilight walilala. Wajukuu wa wakulima wakaja kutazama vitu vya babu zao katika jumba ambalo baadhi ya babu hao walikataa kuligharimia. Mwaka wa 1973 Serikali ya Marekani iliandika kijiji hicho cha kale, jumba likiwamo, katika orodha ya mahali pa historia panapostahili kuhifadhiwa.

Heshima nyingine zilikuja polepole. Chuo cha Middlebury kililipa jengo lake moja jina la Twilight. Na mwaka wa 2022 picha yake ilitundikwa katika jumba la Baraza la Kutunga Sheria huko Montpelier, mji mkuu wa Vermont, ambako miaka 186 kabla yake alikuwa amesimama kutetea fedha za shule yake, wasimkubalie.

NYUMBA YA MBAO YARUDI

Jambo moja zaidi lafaa kusimuliwa. Ile nyumba ya mbao ya orofa 2, ambayo ndiyo shule yenyewe ambamo Twilight alianza kufundisha mwaka wa 1829, haikupotea. Katika karne ya 19 ilihamishwa kutoka mahali pake kilimani ikapelekwa chini, na baadaye ikawa ukumbi wa mikutano ya chama cha wakulima. Kwa muda mrefu jumba la bweni lilibaki juu, na shule ikawa chini, mbalimbali, kama mke na mume waliotengana.

Mwezi wa Agosti, mwaka wa 2016, watu waliamua kuirudisha. Nyumba iliinuliwa kutoka katika msingi wake, ikawekwa juu ya magurudumu. Gari la nguvu lilikuwako kusaidia, lakini wakulima wa sehemu zile walileta pia maksai wao, zaidi ya jozi 20, wakafungwa nira na kupangwa mbele ya nyumba katika mstari mrefu. Kila jozi ilikuwa na mwenyewe, akitembea kando yake na fimbo mkononi, akiita wanyama kwa majina yao. Umati wa watu ulisimama kando ya barabara ukitazama. Nyumba ya shule ikapanda kilima polepole, hata ikafika.

Mwalimu aliyejenga alikuwa na maksai mmoja, kama hadithi isemavyo, na baraza la shule lililomkatalia. Yeye aliweza kuinua kuta, lakini peke yake hakuweza kuidumisha shule, kwa kuwa shule huishi kwa fedha za kila mwaka, kwa walimu wapya mahali pa waliochoka, na kwa wazazi wanaokubaliana. Hayo hayapatikani kwa mtu mmoja, hata awe na moyo wa namna gani. Waliokuja baada yake walichelewa, lakini walipokuja, walikuja na maksai wao wote.

Katika nchi nyingi ziko nyumba za shule za zamani ambazo mlango wake umeng'oka na paa lake limeanza kutoboka. Mara nyingi husemwa kwamba hazifai tena, kwa maana imejengwa shule mpya barabarani. Pengine ni kweli kwamba hazifai kwa kufundishia. Lakini kabla mtu hajachukua nyundo, au kabla hajaliacha paa liporomoke lenyewe, yampasa kwanza kuuliza ni nani aliyejenga, kwa fedha za nani, na nani alibeba mawe. Wazee wanaojua majibu wangaliko katika vijiji vingi, nao hawatakuwako siku zote. Watu wa Brownington walikuwa na bahati kwamba mwalimu wao alichagua granaiti, ambayo iliweza kuwangoja kwa miaka karibu 60 mpaka walipokuwa tayari kuitunza. Kuta za udongo na mabati hazingoji hivyo.